Mjadala: Je, mazoezi ya mgonjwa wa kiharusi yaachwe mikononi mwa familia?

Mtoa hoja

Limekuwa jambo la kawaida katika hospitali zetu kwamba mgonjwa wa kiharusi, shinikizo la damu likishatulia, huruhusiwa kwenda nyumbani, na anayekabidhiwa kazi ya mazoezi ni ndugu aliyekuja kumchukua. Huonyeshwa kwa dakika chache namna ya kunyoosha vidole na kukunja goti, kisha huambiwa amfanyie hivyo kila siku. Wapo wanaotaka utaratibu huu ufanywe kuwa sera rasmi, kwa hoja kwamba wataalamu hawatoshi, ilhali familia ipo, haidai mshahara na inampenda mgonjwa wake. Mimi napinga jambo hilo kufanywa sera kabla ya kufanyiwa utafiti hapa kwetu.

Mama yangu alipooza upande wa kulia. Tulikuwa tukimwinua kitandani kwa kuushika mkono uliopooza na kuuvuta, kwa kuwa ndio uliokuwa upande wetu, na hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba misuli iliyolegea haiwezi kulishikilia bega mahali pake. Baada ya wiki tatu bega lilikuwa limeshuka hata kidole kiliweza kuzama kwenye bonde lililojitokeza juu ya mkono. Tangu hapo aliacha kuulalamikia mguu, akawa analia bega, na kwa sababu ya maumivu hayo akakataa mazoezi yote. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, tuliyemwomba aje nyumbani hakuanza na mguu. Aliweka mto chini ya kiwiko, akatufundisha kumgeuza mama kwa kushika bapa la bega na nyonga. Miezi kadhaa baadaye, vidole vilipoanza kupata nguvu, aliagiza ungo wenye mchele na kumwambia mama achague mawe kwa mkono ule ule. Mpira wa kuminya mama alikuwa ameukataa, lakini mchele aliujua tangu utotoni, na alikaa nao hadi adhuhuri.

Kisa kimoja si ushahidi, kwa hiyo natazama tafiti. Mwaka 2004 utafiti uliofanywa katika kitengo kimoja cha wagonjwa wa kiharusi nchini Uingereza, ukiwa na wagonjwa 300, ulionyesha kwamba kuwafunza wanaowauguza wagonjwa hupunguza gharama na mzigo wa familia, na wengi walifurahi. Wazo hilo lilipojaribiwa tena nchini humo katika vitengo 36, matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti yoyote. Kisha ikaja India, nchi ambayo uhaba wake wa wataalamu unafanana na wetu. Wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipata huduma ya kawaida, na nusu nyingine waliongezewa mafunzo ya ndugu yaliyoanzia wodini na kuendelea nyumbani kwa muda usiozidi miezi miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, waliokuwa wamefariki au wanaotegemea watu wengine walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza, na asilimia 47 katika kundi la pili.

Wala si kwamba mazoezi ni jambo ambalo likizidi halidhuru. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliwainua baadhi yao kitandani mapema zaidi, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kiharusi, na kwa muda mrefu zaidi kila siku. Waliopata nafuu nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 kati yao, huku kundi la huduma ya kawaida likifikia asilimia 50. Ikiwa wataalamu wenyewe walihitaji wagonjwa zaidi ya elfu mbili ili kujua kwamba bidii yao ilikuwa imepita kiasi, ndugu aliyeelekezwa kwa dakika kumi atajuaje kiasi?

Mchangiaji, mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya

Ndugu mtoa hoja, pole sana kwa kuuguza mama. Kuhusu bega tuko pamoja. Mabega ya namna hiyo nayaona kila mwezi, na mengi yangeepukika kwa maelezo ya siku moja tu. Hata hivyo, naona umeubebesha utafiti wa India mzigo mkubwa kuliko unaoweza kuubeba. Kilichopimwa mwishoni kilikuwa kifo na utegemezi. Kipimo hicho ni muhimu, lakini hakisemi yote: mgonjwa anaweza kuendelea kuwa tegemezi na bado akawa ameepushwa na vidonda vya mgandamizo, au na bega linalomkosesha usingizi.

Vilevile, tunaozungumzia ni nani? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia, wasiofikia 10 kwa kila watu milioni moja. Hospitalini kwetu tuko wawili. Mgonjwa akishapanda bajaji kurudi kijijini huenda nisimwone tena, kwa kuwa nauli ya kumleta kliniki mara mbili kwa wiki inaishinda familia. Nikikataa kumfunza binti yake hadi utafiti ukamilike, nimemwacha na nani? Nitaendelea kuwafunza, na naomba wenzangu wasisome hoja yako wakadhani wameruhusiwa kuacha.

Mchangiaji, anayemuuguza baba yake

Nawashukuru nyote wawili, ila naomba tusiseme familia haina gharama. Familia katika mazungumzo haya ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke. Mimi nilifunga genge langu la mboga mwezi wa pili baada ya baba kuanguka, kwa sababu kumgeuza, kumwosha, kumlisha na kumfanyisha mazoezi hakunibakizii saa ya kwenda sokoni alfajiri. Kaka zangu wanatuma fedha wanapojaliwa. Hakuna fomu ya hospitali niliyowahi kujaza ambayo iliuliza nimepoteza nini.

Mtoa hoja

Dada, hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo. Na kwako mtaalamu: nakubali kwamba kumfunza ndugu jinsi ya kumshika mgonjwa bila kumuumiza si jambo la kusubiri utafiti, endelea, na Mungu akujalie nguvu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa ndugu amefunzwa, mtaalamu hahitajiki.

Nyumbani si tatizo. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wagonjwa 408 wa kiharusi walilinganishwa: baadhi walifundishwa kutembea kwenye mashine huku uzito wao ukishikiliwa kwa mikanda, na wengine walifanya mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hakuna kundi lililolizidi jingine kwa kutembea. Lakini waliokuwa nyumbani walisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa vipindi 36 vya dakika 90. Tofauti yao na wale wa India haiko kwenye jengo wala kwenye mashine, na kwa maoni yangu iko katika mtaalamu aliyebisha hodi mara nyingi hivyo na kusimamia mazoezi mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kufanyiwa utafiti kwetu ni hili: mtaalamu abishe hodi mara ngapi, na kati ya ziara zake nani aendelee? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na Tanzania ilizindua mpango wao jumuishi Januari 2024. Mahali pa kuanzia papo pia, maana katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu za Dar es Salaam watu waliwahi kuhesabiwa nyumba kwa nyumba, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha takriban visa vipya 109 vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kundi moja lipewe ndugu aliyefunzwa peke yake, na jingine ndugu pamoja na mhudumu wa jamii anayesimamiwa na mtaalamu. Tupime utegemezi kama walivyofanya India, tupime bega na vidonda kama anavyotaka mtaalamu wetu, na katika fomu hiyo hiyo tuweke safu ya siku ambazo anayeuguza hakwenda kwenye genge lake.