Tupeane uzoefu: sharti gani lilikukwamisha ulipoomba DPT Marekani?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki napata ujumbe wa mtu aliyeko huku Marekani, digrii ya kwanza anayo, anataka kuingia fiziotherapia (tiba ya viungo), na swali ni lilelile: "Wanataka nini?" Wanachotaka kimeandikwa kwenye kurasa za vyuo, ukikaa jioni moja umemaliza kusoma. Ambacho hakijaandikwa ni pale watu wanapojikwaa. Hapo ndipo naomba tupeane uzoefu: sharti gani lilikukwamisha, na ulitokaje.

Kwa wageni wa mambo haya, kwa kifupi. Tangu mwisho wa 2015, CAPTE, ambao ndio wanaotoa ithibati kwa vyuo vya fani hii, wanataka programu zote ziwe za shahada ya udaktari wa fiziotherapia, ndiyo hiyo DPT. Zile za uzamili hazipo tena. Unaingia na digrii ya fani yoyote (darasani kwetu alikuwepo mtu wa muziki, na alitupita wengi kwenye anatomia), mradi uwe umesoma masomo ya msingi wanayoyadai. Unasoma kama miaka 3, kisha unakaa mtihani wa leseni, NPTE. Maombi ya vyuo vingi yanapitia dirisha moja la mtandaoni, PTCAS, ambalo hufunguliwa mwezi Juni.

Naanza mimi. Mwaka wa kwanza wa digrii nilikuwa nafanya kazi ghalani usiku, asubuhi naingia darasani macho mekundu. Nikapata D ya kemia, D ya fizikia, F ya biolojia. Nilipopunguza zamu niliyarudia yote matatu na kupata A na B. Chuo changu kilikuwa na utaratibu wa kufuta alama ya kwanza ukirudia somo, kwa hiyo transkripti yangu, ile karatasi ya matokeo, ilisoma GPA (wastani wa alama) 3.4. Vyuo vingi huweka kiwango cha chini 3.0, basi nikajua hapo nimeshavuka.

PTCAS unaingiza somo mojamoja kwa mkono: jina lake, krediti, alama, muhula. Hata lile uliloliacha katikati unaliandika. Nilitumia Jumamosi nzima. Wao wanakagua dhidi ya transkripti halafu wanakukokotolea GPA yao. Yangu ikarudi 3.15.

Nikapiga simu nikiwa na hakika wamekosea. Dada aliyepokea alinieleza polepole: sisi tunahesabu kila jaribio, chuo chako kiwe kimefuta au hakijafuta. Ile F ya miaka mitano nyuma ilikuwa imekaa pale pale kama mgeni asiyeaga.

Nilichofanya: niliandikia vyuo vyote sita nilivyovitaka, swali moja tu, "Mnapokokotoa alama za masomo ya msingi, somo lililorudiwa mnachukua alama ipi?" Viwili vilijibu kwamba vinachukua ya juu. Hela yangu ya maombi ikaenda huko, na kimoja ndicho kilichonichukua. Barua pepe zile zilinichukua nusu saa kuziandika. Nasikitika niliziandika mwaka wa pili wa kuomba, wa kwanza ulishaungua.

Haya, karibuni.

Kifundo

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi kilichonikwamisha ni saa za kushuhudia, yale masaa unayokaa na mtaalamu ukimtazama akifanya kazi.

Najua baada ya Uviko vyuo vingi vilipunguza na vingine vikafuta kabisa. Changu kilikuwa bado kinataka saa 100, tena sehemu mbili tofauti, moja iwe hospitali yenye wagonjwa waliolazwa. Kliniki za nje hazikunisumbua, ya kwanza niliyoingia walinikubali siku hiyohiyo. Hospitali ndiyo kazi. Niliandika barua pepe kumi na moja, hakuna aliyejibu hata "hapana". Mwishowe nikapitia mlango wa watu wa kujitolea: chanjo, kipimo cha kifua kikuu, kitambulisho chenye picha mbaya, na miezi miwili ya kusukuma viti vya magurudumu kabla hawajanipandisha ghorofa ya mifupa.

Lakini nisingekubali kubadilisha siku zile na kitu. Siku ya pili kule juu alikuwepo mzee aliyewekewa nyonga mpya jana yake. Mtaalamu amemfunga mkanda mpana kiunoni, ameushika kwa nyuma kwa mkono mmoja, mbele yao ngazi ya mazoezi, vidato vinne tu. Mzee akanyanyua mguu wenye mshono. "Siyo huo. Kupanda tanguliza mzima, kushuka tanguliza mgonjwa." Mzee akawa anairudia kwa sauti kama mtu anayekariri sala. Akapanda vizuri. Wakati wa kushuka akasahau, akatanguliza mzima, uzito wote ukabaki kwenye nyonga mpya, mwili ukayumba. Mkanda ulikazwa mapema kuliko nilivyoona hatari yenyewe. Yule mtaalamu hata maneno yake hakuyakatiza, alikuwa anamuuliza mzee habari za wajukuu.

Kwenye usaili waliponiuliza kwa nini fani hii, sikueleza habari za kupenda kusaidia watu. Nilieleza ule mkono.

Sasa shida niliyoipata. Kati ya saa zangu, 22 nilikuwa nimekaa na msaidizi wa fiziotherapia, siyo mtaalamu mwenyewe. Ni watu wazuri sana na wanajua kazi, ila chuo kilitaka sahihi ya mwenye leseni kamili. Saa 22 zikatupwa. Tazameni sahihi kabla hamjaanza kuhesabu masaa.

Mama Pacha

Mimi yangu ni masomo yaliyooza 😂

Anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza na ya pili, pamoja na maabara zake, nilisoma nikiwa msichana sina hata mchumba. Miaka tisa baadaye, ndoa, mapacha, ndipo akili ya DPT ikanijia. Kufungua kurasa: chuo hiki kinataka somo lisizidi miaka 5, kile 7, kingine 10, kingine hakijali kabisa. Hakuna utaratibu mmoja. Sayansi ndizo zenye tarehe ya kuharibika. Takwimu na saikolojia, kwa vyuo vyangu, hawakuziulizia umri.

Nikasema narudia mtandaoni, watoto wakilala. Nikalipa, nikasoma, nikapata A. Kumbe chuo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa hakipokei maabara ya mtandaoni! Nikarudia mara ya tatu, chuo cha miaka miwili cha karibu na nyumbani, jioni mara mbili kwa wiki. Tulipasua paka. Narudi nyumbani nanuka dawa ya kuhifadhia mizoga, mapacha wanakataa kukumbatiwa, mume anafungua madirisha bila kusema neno.

Nimemaliza DPT mwaka jana. Harufu ile mpaka leo nikiikuta mahali natafuta paka kwa macho.

Sina Haraka

Watu wanaogopa GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, bure. Vyuo vingi vimeshaiacha, na vinavyoidai, tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, haufiki hata saa mbili. Alama zinadumu miaka 5. Kaa miezi miwili na hesabu za sekondari utapita.

Kwa tuliokuja na digrii ya nje ya Marekani, mzigo uko kwenye karatasi. PTCAS hawakukokotolei GPA ya chuo cha nje. Unapeleka transkripti WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, wakuchambulie somo kwa somo, siyo ile tathmini ya jumla ambayo ni nafuu. Mimi nilichukua ya nafuu kwa ubahili, nikalipa mara mbili. Halafu transkripti nikaituma mwenyewe, nzuri, yenye muhuri. Wakaikataa: lazima itoke chuoni moja kwa moja, siyo mkononi mwa mwenye nayo. Kumpata karani wa chuo changu cha zamani akaifunge bahasha na kuituma ilichukua majira mawili ya mwaka.

Na TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Nimefundishwa Kiingereza tangu utoto, nimefanya kazi Minnesota miaka minne, bado baadhi ya vyuo vikaidai kwa sababu ya digrii ya nje. Nikafanya. Alama zake zinaishi miaka 2 tu. Wakati WES wanamaliza na mimi, TOEFL ikawa imekufa. Nikafanya tena. Jina langu hapa jukwaani mmeshaelewa limetoka wapi.

Mguu Sawa

Niongeze moja kwa waliokwisha kusomea fiziotherapia nje: msikimbilie kuomba DPT kuanzia sifuri kabla hamjatazama njia ya pili. Mimi digrii yangu ilipimwa na FCCPT, shirika linalokagua digrii za fiziotherapia za nje, wakiilinganisha na ya hapa. Nilikutwa na upungufu wa krediti za masomo ya jumla, siyo ya fani, nikazijaza. Kisha bodi ya jimbo ikaniruhusu kukaa NPTE, mtihani uleule wanaofanya wa DPT, alama zake ni 200 hadi 800 na kupita ni 600. Kila jimbo lina vipengele vyake, kwa hiyo chagua jimbo kwanza ndipo uanze kutuma makaratasi.

Mleta uzi

Mguu Sawa, hii ningeijua kabla sijamshauri jamaa yangu mmoja. Nitamtafuta leo nimwombe radhi.

Dogo wa 3.9

Shikamooni wakubwa. Mimi mwaka jana nilikuwa na GPA 3.9, saa za kushuhudia 150, nikaomba vyuo vitano. Vyote vitano hapana. Nimewasoma hapo juu sioni kosa langu.

Kifundo

Marahaba dogo, pole. Uliwasilisha lini?

Dogo wa 3.9

Siku ya mwisho ya kila chuo. Niliona si bado nipo ndani ya muda.

Kifundo

Hapo ndipo. Vyuo vingi wanasoma maombi kadiri yanavyoingia na kugawa nafasi hivyohivyo. Siku ya mwisho ni siku ya kufunga mlango, viti vingi vimeshakaliwa. Mimi niliwasilisha Agosti, nikaitwa usaili Oktoba. Na barua za mapendekezo je?

Dogo wa 3.9

Tatu. Mbili za wataalamu niliokaa nao. Ya tatu ni mwalimu wa biolojia, darasa la watu mia tatu. Aliandika, ila sijui aliandika nini, nilitia alama kwamba sitaki kuiona.

Mama Pacha

Mwanangu, kutia alama hiyo umefanya sawa, barua unayoweza kuichungulia hawaipi uzito uleule. Ila mwalimu wa watu mia tatu ataandika nini? "Alihudhuria, alifaulu." Hilo transkripti imeshasema. Tafuta mwalimu wa maabara aliyekuona ukishika kisu. Na ujue PTCAS barua ikishaingia huibadilishi tena kwa msimu ule, kwa hiyo fikiri kabla hujaandika jina la mtu pale.

Barua pepe ya PTCAS pia hupenda kuingia kwenye takataka za watu. Mwalimu wangu alikaa wiki tatu akisema hajaona kitu, kumbe iko humo na matangazo ya viatu. Mwambie siku unayoituma aitafute.

Sina Haraka

Na ukichukuliwa usikimbilie sherehe. Kuna fungu jingine: hela ya kushikilia nafasi, uchunguzi wa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, na kipimo cha damu kuonyesha kinga ya homa ya ini B. Mimi nilichanjwa zamani, damu ikasema kinga haipo. Nikaanza sindano upya.

Dogo wa 3.9

Ahsanteni sana. Mwalimu wa maabara nilikuwa naye mmoja, mkali, alinipa B+, ndiyo B yangu pekee ya sayansi. Nilikuwa namkwepa.

Mama Pacha

Huyo huyo.

Dogo wa 3.9

Nimerudi wakubwa. Nimemfuata ofisini leo. Alinitazama muda, akasema ananikumbuka, mimi ndiye niliyekata neva nikidhani ni mshipa wa damu, halafu nikabaki mpaka saa mbili usiku kuitafuta upande wa pili. Amekubali. Amesema niwe nimefungua akaunti dirisha likifunguliwa Juni, nisimletee habari za dakika ya mwisho.