Amplifaya ndogo ya Beetle: yule bwana kanidhalilisha mbele za watu, leo nasema

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mjue sababu. Yule bwana, fundi wa redio za magari, mnamjua. Simtaji, sitaki kesi. Miwani ya jua ndani ya nyumba, pete kidole cha mwisho. Ndiye huyo huyo.

Nimempelekea Beetle yangu ya 1970. Nikamwambia kwa adabu zote: nataka amplifaya ndogo, chaneli nne, wati 40 mpaka 50 RMS (zile za kweli, si za maandishi ya sanduku) kila chaneli, klasi D ili isinimalizie umeme wala isichemke, ikae chini ya siti ya nyuma, upande wa pili wa betri. Spika ni za omu 4. Redio ni ya zamani, haina matundu ya RCA (yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya), kwa hiyo iwe ile inayopokea sauti kutoka kwenye waya za spika. Kuna tusi hapo? Nionyesheni tusi.

Akalizunguka gari. Akagonga paa kwa ile pete, ko ko ko. Akasema kwa sauti ya kutangaza msiba: "Mzee, hiki kikopo kifungie kengele ya baiskeli. Inatosha."

Kengele. Ya baiskeli.

Watu wakacheka. Vijana wake wakacheka, wateja wakacheka, kuna kichanga mgongoni kwa mama yake, naapa nacho kilicheka.

Halafu eti ananitolea lisanduku kama jeneza, limeandikwa wati 3000. Nikaligeuza, nikatazama fyuzi: ampea 30. Jamani, ampea 30 mara volti 12 ni wati 360. Hizo 2640 zilizobaki zinashuka kutoka mbinguni? Gari lenyewe la dainamo, injini ikiunguruma taratibu kwenye foleni taa zinafifia, leo nilishe jeneza? Nikamwuliza. Hakujibu. Akagonga paa tena.

Injini ya Beetle iko nyuma na inapiga kelele, redio peke yake haifui dafu. Sitaki kutikisa mtaa. Nataka nikiwa kwenye mwendo nisikie mwimbaji anasema nini, basi. Kengele ya baiskeli! Paa langu!

Injini_Nyuma: Nimesoma mpaka mwisho natafuta swali, sijaliona. Ila hiyo ko ko ko nimecheka mpaka nimepaliwa.

SitiYaMbele: Mkuu, kengele ya rangi gani?

Mtoa uzi: Endelea tu. Siku akigonga la kwako utanitafuta.

WayaMwekundu: Kwenye fyuzi mtoa uzi yuko sahihi, msidanganywe na maandishi ya sanduku. Fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, isiwe kule kwenye amplifaya, la sivyo waya ukichunika njiani unaungua wote. Ethi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, pale unapokaa kwangua rangi mpaka uone chuma kitupu. Na kwenye Beetle funika teminali za betri, springi za siti zikizigusa akikalia mtu mzito, siti inashika moto.

SitiYaMbele: Kumbe abiria wanene ndio tatizo.

Mzee_Morris: Nyie mna bahati. Morris Minor yangu ethi yake ni chanya, yaani bodi imeungwa kwenye chanya ya betri. Nilimweleza huyo huyo bwana, akaitikia "najua, najua", akafunga redio mpya kama kawaida. Bodi ya redio hasi, bodi ya gari chanya. Moshi ulitokea kwenye tundu la kaseti. Akaniambia redio ni feki.

Mtoa uzi: Pole mzee wangu. Lakini wewe hakukugongea paa.

Mzee_Morris: Bora angegonga.

DadaWaGia: Afadhali nyie wote. Mimi wa kwangu alitoboa kadi za milango za asili (zile bodi za ndani ya mlango), matundu ya spika za inchi 6 na nusu. Spika nilizompa ni za inchi 5. Akaziba pengo kwa gundi na kipande cha kapeti, tena kapeti ya kijani.

WayaMwekundu: Mlango mmoja au yote?

DadaWaGia: Yote minne. Ya nyuma hata spika hakuweka.

Injini_Nyuma: Hapo hata mimi ningelia. Gari gani hiyo?

DadaWaGia: Peugeot 504.

Mtoa uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye kengele.

Mzee_Morris: 504 ya gia za usukani?

DadaWaGia: Za usukani. Na hapana, siuzi.

SitiYaMbele: Hakuna aliyesema kununua. Ila ukiuza, bei bila milango ni kiasi gani?