Nimeuziwa Datsun 240Z ya "Safari 1971" ambayo si ya Safari wala si ya 1971: wauza magari ya sloti wanatuchukulia poa

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na mkisoma hadi mwisho mtaona nina haki.

Nimenunua gari la sloti la skeli ya 1/24 kutoka kwa fundi mmoja wa Ulaya anayeuza mtandaoni. Tangazo lake lilisema ni Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki (Safari Rally), imeundwa kwa mkono kwa mtindo wa zamani, na kila kitu kimefuata gari halisi. Bei yake ingetosha kununua seti nzima ya kiwandani, njia na magari mawili, na chenji ikabaki. Usafiri na ushuru nimelipa, huko sina neno. Neno langu ni kwa huyu aliyekaa mezani kwake, akaunda kitu hiki, akakiangalia, kisha akaamua kwamba kinatosha kupelekwa Arusha.

Kwa wasioujua mchezo huu, gari la sloti ni modeli yenye mota ya umeme, inakimbia kwenye njia iliyochimbwa mfereji. Chini ya pua kuna ulimi unaoingia mferejini, na pande zote mbili za ulimi kuna vitepe vya nyuzi za shaba vinavyochukua umeme, kwa kawaida volti 12, kutoka kwenye vyuma viwili vya njia. Wewe una kidhibiti mkononi na kazi yako ni mwendo tu. Ukizidisha kwenye kona, gari linatoka. Scalextric ya Fred Francis ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na kufika katikati ya miaka ya 60 Wamarekani walikuwa na kumbi za kulipia ambako watu wazima walishindana kwa magari waliyojiundia wenyewe: chasisi ya mirija ya shaba ya njano na waya wa piano, imelehemiwa kwa mkono, juu yake bodi nyepesi ya plastiki angavu. Huo ndio mtindo wa zamani. Ndio niliolipia.

Sasa nianze na chini, maana huko ndiko fundi anakojulikana.

Nilipofungua skrubu na kuinua bodi, kitu cha kwanza kuona ni ukungu wa kijani kwenye viungio vya chasisi. Yeyote aliyewahi kulehemu shaba anajua umetoka wapi. Jamaa ametumia asidi ili risasi ya kulehemia ishike, jambo ambalo ni sahihi kabisa, halafu hakuosha. Ukimaliza kulehemu unaosha kwa maji ya moto na sabuni, unasugua kwenye pembe kwa mswaki, unakausha. Ni kazi ya dakika chache. Huyu ameifungia asidi ndani ya boksi ikaendelea kula shaba mpaka ikafika kwangu.

Kiungio cha bano la mota ndicho kibaya kuliko vyote. Risasi imekaa juu kwa donge, imefifia, ina chembechembe, haikutambaa kuingia kati ya vipande viwili. Maana yake chuma cha kulehemu hakikupasha shaba yenyewe, kiliyeyusha risasi tu ikamwagikia juu. Nimeshika bano kwa vidole viwili, likacheza. Bano likicheza, pinioni (giya ndogo) ya mota na giya ya ekseli haziumani sawasawa, na meno yanaanza kulika tangu mzunguko wa kwanza. Nililisikia mezani kabla hata ya kuliweka njiani: mlio wa kukwaruza unaopanda na kushuka.

Unapanda na kushuka kwa sababu matairi ya nyuma nayo si duara. Tairi la sponji ukishaligundisha kwenye rimu, unalizungusha juu ya msasa polepole hadi liguse msasa mzunguko mzima. Hakuna njia ya mkato hapo. Haya yametoka kwenye gundi yakaenda moja kwa moja kwenye gari. Ukiliweka usawa wa macho na kuzungusha ekseli, unaona mwanga ukipita chini ya tairi na kufungwa, kupita na kufungwa.

Na ni mapana ajabu. 240Z ya barabarani ilivaa matairi ya upana wa milimita 175 kwenye rimu za inchi 14. Gawa kwa 24 unapata tairi la milimita 7 na ushee. Mimi nimeletewa ya milimita 15. Naelewa kwamba kwenye sloti tunaongeza upana kidogo ili gari lishike njia, sote tunafanya hivyo. Lakini mara mbili? Kwenye gari la matope?

Kuna kipimo kingine ambacho kingemtoa aibu kama angejishughulisha kukitafuta. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Datsun 240Z halisi ina milimita 2,305. Kwa skeli ya 1/24 hiyo ni milimita 96. Hili nimepima kwa kalipa, ni 103. Kwa hiyo chasisi haikuundwa kwa ajili ya gari hili, ni chasisi yoyote aliyokuwa nayo rafuni. Ndiyo maana gurudumu la nyuma halikai katikati ya tao lake, limesogea nyuma na linasugua ukingo, na ili lipite amekwangua bodi kwa kisu akaacha makovu.

Tuje kwenye rangi. Bodi za plastiki angavu za polikaboneti hupuliziwa ndani, si nje. Plastiki yenyewe ndiyo inayokuwa ngozi ya gari, inang'aa, na rangi inabaki salama nyuma yake hata gari likipiga ukuta. Kwa sababu unapaka kwa ndani, kazi inakwenda kinyumenyume. Datsun ya Safari ilikuwa nyekundu, boneti nyeusi. Unaziba ndani yote kwa utepe, unaacha boneti peke yake, unapuliza nyeusi. Ikikauka unabandua utepe, unapuliza nyekundu kote, na ile nyeusi inabaki inaonekana kwa nje bila kuharibika. Mwisho unapiga nyeupe nyuma ya nyekundu ili iwe kali, isionekane kama damu iliyoganda. Vioo vya madirisha unakuwa umeviziba tangu mwanzo. Na rangi lazima iwe ile ya polikaboneti, inayokunjika pamoja na plastiki.

Huyu bwana kapuliza nje, kwa rangi ya kawaida. Nilipobana ubavu wa bodi kidogo tu kuitoa kwenye skrubu, rangi ilipasuka kwenye kizingiti cha mlango na kipande cha ukubwa wa ukucha kikabaki kidoleni mwangu. Gari jipya. Halijazunguka hata mara moja.

Haya yote ni uzembe wa ufundi, na uzembe wa ufundi ningeweza kuurekebisha mwenyewe huku nanung'unika. Kilichonifanya nifungue uzi ni kinachofuata.

Bodi yenyewe si ya gari la Safari. Ina spoila ya mbele, ile ya kidevu inayoshuka chini karibu na lami, na nyuma ina mkia. Hiyo ni 240Z ya saketi, yaani ya mbio za kuzunguka kwenye lami, ya Marekani, ya timu ya Brock Racing Enterprises ya Peter Brock, ambayo John Morton aliiendesha na kuwa bingwa wa daraja la C Production wa SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwaka 1970 na 1971. Gari zuri, lina historia yake, rangi zake nyekundu, nyeupe na buluu, namba 46. Halihusiani kabisa na Safari. Kidevu kile kingeng'oka kwenye korongo la kwanza baada ya kutoka Nairobi. Jamaa alikuwa na kalibu ya kutolea bodi ya saketi, akaona asiiache, akatoa bodi, akaipaka nyekundu na nyeusi, akaandika "Safari".

Bampa hakuna. Taa za ziada za mbele hakuna. Vile vitaa vidogo vya juu ya mabawa ya mbele, ambavyo kwa mtu wa Safari ni kitu cha kwanza kutafuta kwenye picha, hakuna. Madigadi ya mpira nyuma ya magurudumu hakuna. Ukiondoa hivyo vyote, umebakiza nini cha Safari?

Umebakiza stika, na stika ndizo zilizonimaliza. Mlangoni kuna namba 11. Juu ya bawa la mbele ameandika "S. Mehta".

Wakuu, namba 11 ya mwaka 1971 ni gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller. Ndio walioshinda mwaka ule, na ndio waliokuwa wameshinda pia 1970 kwa Datsun 1600 SSS. Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda aliyekuja kuwa mfalme wa Safari, alikuwa wa pili 1971 akiwa na Mike Doughty kwenye 240Z nyingine. Ushindi wake wa kwanza alikuja kuupata 1973 na Lofty Drews, tena kwa kulingana pointi na Harry Källström, ikabidi watenganishwe kwa kanuni. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Watu hawa wana rekodi zilizoandikwa, si majina ya kuchagua kwa sababu yanaenea kwenye stika. Gari lenyewe la 1971 bado lipo, Nissan wanalo kwenye hifadhi yao ya magari kule Zama, Japani, na picha zake zimejaa mtandaoni kila upande. Hakuhitaji kusafiri. Alihitaji kufungua picha moja.

Na matope! Amelichafua gari ili lionekane limetoka safari, nakubali wazo, lakini amepaka kijivu chenye ukijani, cha shamba la Ulaya wakati wa baridi, tena amekipaka kwa usawa kuanzia chini hadi vioo. Udongo wa Kiambu na Murang'a ni mwekundu. Tsavo ni mwekundu mpaka tembo wanabadilika rangi. Ukiingia nyika za Athi kukiwa na mvua unakutana na ule mweusi unaonata. Gari la Safari lilikuwa linabeba tabaka: vumbi kavu juu, tope bichi nyuma ya magurudumu na kwenye vizingiti, na kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi pale waipa zilipopita. Hiyo ndiyo raha ya kulipamba gari la Safari. Poda ya rangi mbili na brashi laini, basi.

Gari hili nililiagiza kwa ajili ya baba yangu mdogo. Amekulia upande wa Mbulu, na miaka ile Safari ikipita walikuwa wanalala barabarani ili wasikose gari hata moja, na vijana wenye nguvu walikuwa wanasukuma yaliyokwama. Nilimpa akiwa kwenye kiti chake, akavaa miwani, akaligeuza mara moja.

"Mwanangu, hili si la Herrmann?"

"Ndilo walivyoniambia, baba mdogo."

"Mbona wameandika Mehta?" Akapitisha kidole kwenye kile kidevu cha mbele. "Na hiki ni nini? Hiki kingefika Mbulu kweli?"

Mzee wa miaka sabini na kitu, hajawahi kushika modeli maishani, ameona kwa nusu dakika kile ambacho "mtaalamu wa magari ya kihistoria" hakukiona.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha za kila kosa. Jibu la kwanza: wateja wengine hawajalalamika. Jibu la pili: hiki ni kitu cha kuchezea, na majina yanaweza kubanduliwa. Jibu la tatu ndilo lililonipandisha presha. Aliniuliza nimejuaje gari la 1971 lilikuwaje, kwani nilikuwepo? Anamuuliza mtu wa Arusha amejuaje Safari!

Kama angetangaza "240Z, rangi za kubuni", nisingekuwa na la kusema. Kuna watu wanapenda magari ya kubuni na ni haki yao. Lakini ukiandika Safari 1971 na ukapandisha bei kwa sababu ya jina hilo, basi umeuza jina ambalo watu wa huku wanalijua kuliko wewe. Kwa Porsche ya Le Mans hathubutu kukosea namba, maana anajua wateja wake watamkalia kooni siku hiyohiyo. Kwa Safari anaona hakuna wa kumuuliza.

Ninachodai ni fedha yangu yote pamoja na ya usafiri, na tangazo lile liondolewe au libadilishwe maneno. Mpaka ninaandika hapa bado lipo hewani, na pembeni yake ameweka "Peugeot 404 Safari 1967". Wale wa Dar mnaojua habari za Bert Shankland na Chris Rothwell, walioshinda Safari ile kwa 404, nendeni mkaangalie ile picha kabla hajampata mtu mwingine.

Kwa anayefikiria kununua gari la aina hii kwa yeyote yule: usilipe kabla hujatumiwa picha ya chini ikiwa bodi imetolewa, video ya magurudumu yakizunguka juu ya meza, na umbali wa ekseli kwa milimita. Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Akianza kukupa maneno, ondoka.

Jana usiku ameniandikia tena. Yuko tayari kurudisha nusu ya bei endapo nitafuta picha nilizoweka kwenye kundi la wapenzi wa sloti. Sifuti. Naziongeza hapa chini zote, za chasisi, za rangi na za stika, pamoja na majibu yake matatu nikiwa nimeficha jina lake kwa sababu kampuni ya malipo bado inashughulikia shauri. Mliowahi kununua kwake wekeni za kwenu, hasa za chini, nizipeleke pamoja na zangu.