Wamenituma vizite medikali (kupimwa afya), kontra (mkataba) bado: niache kazi ya sasa?

Fundi_Katuba
Wapendwa wa Lubumbashi, salamu. Niko fundi wa mashine nzito. Sutretan mmoja wa migodi (kampuni inayofanya kazi kwa niaba ya mgodi) amenipitisha kwenye testi ya maandishi, testi ya gereji na intavyu. RH (mkuu wa wafanyakazi) ananiambia kwa simu: vizite medikali Alhamisi, kuanza kazi Jumatatu. Mshahara umetajwa kwa mdomo tu. Nilipo sasa nina CDI (kontra isiyo na mwisho), miaka 4. Niandike barua ya kuacha leo? Tena kuna namba nyingine ya simu inadai dola 50 "za dosie".

Yaya_Kamalondo
Usiandike, ndugu. Vizite ingali sehemu ya kuchujwa: masikio, macho, mapafu au mgongo vikionekana na shida, daktari anaandika hufai kwa kazi ile, na wewe umeshaacha ya kwanza.

Halafu hesabu preavi, siku za taarifa kabla ya kuachana na kazi. Sheria ya kazi ya Congo ya 2002 inamdai mwajiri siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka uliotimia. Kwa miaka 4 ni 42. Mfanyakazi anayeondoka anatoa nusu, yaani 21, Jumapili hazihesabiwi. Kwa hiyo Jumatatu haiwezekani, ila bosi wako akikuachilia kwa maandishi. Mwambie RH mapema: wiki tatu na nusu kuanzia siku ya kusaini. Wanaomhitaji fundi kweli wanangoja.

Papa_Dosie
Kontra ikifika, anza na kipengele cha majaribio. Kwa fundi hayapiti miezi 6. Mwezi 1 ni wa manevri asiye na ufundi. Kisha tazama muda: CDD (kontra yenye mwisho) haipiti miaka 2, na ukiwa umeoa na familia inabaki mbali, mwaka 1. Tazama pia anayesaini. Mara nyingi mgodi ndio unaofanya intavyu, lakini jina la mwajiri kwenye karatasi ni la sutretan, na soko lake na mgodi likiisha anakurudisha nyumbani. Mshahara uandikwe wa msingi peke yake, na nyumba na transpo kando.

Fundi_Katuba
Asante sana, wakubwa. Na zile dola 50?

Yaya_Kamalondo
Usitume hata franga. Vizite analipa mwajiri. Nenda ofisini kwao, uonyeshe namba ile kwa RH mwenyewe. Diploma orijinali usimwachie mtu, peleka kopi.