Mkongwe gani alivaa uhusika kweli kweli kwenye muvi ya kutisha ya bajeti ndogo?

JichoLaSinema: Wakuu tulinganishe hawa wazee watatu, Donald Pleasence kwenye Halloween (1978), Peter Cushing kwenye Tales from the Crypt (1972) na Boris Karloff kwenye Targets (1968). Wote walikuwa na majina tayari na muvi zenyewe hela ilikuwa kiduchu, wangeweza kuja wakasema mistari yao wakachukua chao wakasepa. Kura yangu kwa Pleasence. Halloween ilitengenezwa kwa dola kama laki tatu hivi, yeye alipiga kazi siku 5 tu, lakini akiwa daktari wa muuaji, anavyoelezea yale macho meusi aliyoyaona muuaji alipokuwa mtoto, unaanza kuogopa hata muuaji asipoonekana, kwa sababu YEYE anaogopa.

Kibatari: Umeua mkuu. Na pale mwisho anapochungulia chini anakuta mwili wa muuaji haupo! Muongozaji John Carpenter alishasimulia kwamba Pleasence alimuuliza, nishtuke au nioneshe nilijua tu? Wakarekodi zote mbili, ikatumika ya pili. Kushtuka angeweza yeyote.

MamaMuvi: Jamani Cushing. Mkewe Helen alifariki Januari 1971, halafu kwenye hii muvi alipewa nafasi nyingine kabisa, akaomba mwenyewe apewe Grimsdyke, mzee mjane anayeongea na picha ya marehemu mkewe. Pale hakuna kujikaza wala kupamba, sauti ndogo tu, na ndo maana akifufuka kulipiza kisasi unamuogopa na bado uko upande wake. Mimi nililia, kwenye muvi ya kutisha!

Zeze: Mbona Bela Lugosi kaachwa? Bride of the Monster (1955), ana pweza wa mpira na seti mbovu, lakini ile hotuba ya kukosa kwao anaitoa kwa moyo wote.

JichoLaSinema: @Zeze hotuba kali, ila dakika nyingine zote muvi inamwangusha. @MamaMuvi hapo kwa Cushing umenitikisa aisee, la kuomba nafasi mwenyewe sikulipima vizuri.

Kibatari: Karloff naye jamani, alikuwa anadaiwa siku 2 za kazi na prodyuza Roger Corman, yuko karibu miaka 80, miguu na mapafu vinamsumbua, na ile hadithi ya mtu anayekimbia Kifo kwenda mji wa Samarra aliisimulia mara moja tu bila kukata.

MamaMuvi: Hiyo hadithi tamu sana, ila bado Cushing. Ambaye hajaiona aanzie hapo.