Hivi wataalamu wanajuaje sauti kwenye voisi ni ya fulani?

Wakuu habari za jioni. Kuna voisi imezunguka kwenye grupu la wachuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, mtu anatukana anasema atachoma nyavu za mwenzake, sasa kila mtu anadai ni bro wangu, eti "hii sauti tunaijua", na bro kakataa katakata. Yenyewe sekunde kumi na kitu, tena injini ya boti inanguruma nyuma. Kuna mashine inapima sauti kama alama za vidole?

Mzee wa Mwanga: Hiyo mashine ya ndiyo au hapana ni ya kwenye muvi mkuu. Hilo la kufananisha na alama za vidole lilivumishwa Marekani mwaka 1962 na Lawrence Kersta wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, alikuwa anasoma picha za sauti, spektrogramu, ila 1979 jopo la wanasayansi wa hukohuko likasema jamani taratibu. Siku hizi wanamrekodi bro, halafu wanachukua mfano "a" ya "dagaa" kwenye voisi na "a" ya kwake wanapima mitetemo, wanasikiliza na anavyomeza maneno. Zikifanana bado, wanauliza je watu wangapi wa huko wanaongea hivyohivyo? Na akiwa kafoka sauti inapanda, huwezi kuilinganisha na ya mtu aliyekaa anakunywa chai.

dada_ujiji: Mi mama yangu namjua akikohoa tu, msitudanganye

Mzee wa Mwanga: Mama yako sawa dada, umemsikia miaka yote. Ya mtu usiyemzoea inapotea haraka. Mtafiti mmoja, McGehee, alipima Marekani 1937, kesho yake watu 83 kati ya 100 walimtambua msemaji, baada ya miezi mitano 13 tu.

Fundi Simu KGM: Mwenye hiyo voisi aitunze kwenye simu iliyoipokea, asiichezeshe kwenye spika akairekodi na simu nyingine, inaharibika. Tena bora voisi, maongezi ya simu ya kawaida ya zamani yanapitisha hezi 300 hadi 3,400 tu (yaani mitetemo kwa sekunde), kingine kinakatwa. Kwani namba iliyotuma ya nani?

Muuliza swali: Namba ya kijana wa mtumbwini, simu wanashikashika watu watatu na bro yumo, ndo balaa. Halafu hiyo ya kufanana imenitisha, maana mama akipiga nikipokea mimi huniita jina la bro.