Ushauri: nawafundishaje kidato cha nne kupima demokrasia ya kweli?

Mwl_Uraia: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia. Juzi niliorodhesha ubaoni sifa za demokrasia: vyama vingi, uchaguzi wa mara kwa mara, bunge, mahakama, magazeti. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hata madikteta wana hivyo vyote?" Nimemwahidi jibu Jumatatu. Sitaki kumpa maneno matupu, wala sitaki darasa ligeuke mkutano wa kampeni. Natafuta kipimo ambacho kijana wa miaka 17 anaweza kupimia nchi yoyote. Naombeni msaada.

Mzee wa Kemondo: Mwambie demokrasia ni wengi wape. Basi.

Wakili_Mstaafu: Mzee wangu, shikamoo, ila hapo nakupinga. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza wananchi. Karibu 80% walisema tubaki na chama kimoja. Kwa wengi wape, kazi ingeishia hapo. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa wale 20% nao ni Watanzania na hawakuwa na jukwaa la kuwashawishi wenzao. Mwaka 1992 tukaingia vyama vingi. Mwalimu, anzia hapo: aliye upande wa wachache leo ana njia halali ya kuwa upande wa wengi kesho?

Mzee wa Kemondo: Marahaba. Hilo la wachache nimelikubali.

Nyali_Baharini: Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mimi napima hivi: aliye madarakani anaweza kushindwa? Na akishindwa, nani atamlazimisha akubali?

Huku kwetu kura za urais huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama. Matokeo yanajazwa kwenye Fomu 34A, mawakala wanatia saini, na nakala inabandikwa pale pale kituoni. Kwa hiyo mtu wa kawaida anajua idadi ya kituo chake kabla Nairobi haijatangaza chochote. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitaka seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, tume ikasitasita. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta ushindi wa Rais aliyekuwa Ikulu. Rais Kenyatta alifoka hadharani, lakini tulirudi kwenye kura. Sisemi mambo yalikuwa mazuri: watu waliuawa, na mpinzani wake Raila alisusia marudio ya Oktoba. Lakini mwaka 2022 tume iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni. Nilipiga picha ile ya kituo changu, nikailinganisha na ya mtandaoni tarakimu kwa tarakimu. Zililingana. Imani niliyoipata siku ile hakuna hotuba ingenipa.

Songea_Kusini: Usisahau majirani zetu Malawi. Uchaguzi wa 2019 ulikuwa na karatasi za matokeo zilizofutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia, na kuandikwa upya. Watu waliandamana kwa miezi, jeshi likawalinda waandamanaji, na Februari 2020 majaji watano wakaufuta uchaguzi. Kwenye marudio Rais Mutharika akashindwa na mpinzani wake Chakwera. Mwaka 2025 wakakutana tena, safari hii Chakwera akashindwa na akakubali. Nchi maskini kabisa ile, lakini Ikulu imebadilisha mwenyeji mara mbili kwa karatasi ya kura.

Mwl_Uraia: Asanteni sana. Najua wataniuliza hili: chama kikishinda miaka yote, je, nchi hiyo si ya kidemokrasia?

Wakili_Mstaafu: Wape Botswana. Kulikuwa na vyama vingi, lakini chama kile kile kilitawala tangu uhuru wa 1966 na bado dunia iliwahesabu wanademokrasia. Oktoba 2024 kikaangushwa, Rais Masisi akakubali hata kabla hesabu haijakamilika. Kwa hiyo usiangalie kama chama kimewahi kushindwa, angalia kama kinaweza. Na hilo unalijua kabla ya siku ya kura: mpinzani anafanya mkutano bila kukamatwa? Gazeti likimkosoa Rais linabaki wazi? Tume ya uchaguzi inateuliwa na nani, na nani anaweza kuiondoa?

Kuhusu kwetu, usitoe maoni yako. Wafungulie Katiba, Ibara ya 41(7): Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kisha waambie kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo hapo Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Hakuna atakayesema umefanya siasa, umesoma Katiba tu. Wagawe makundi matatu, Tanzania, Kenya na Malawi, kila kundi lijibu: mgombea akiamini ameibiwa kura za urais, anakwenda wapi asubuhi inayofuata?

Nyali_Baharini: Na uwape fomu halisi waishike. Ukizipata 34A za 2022, chapisha chache, wajumlishe wenyewe.